Mikono Isiyotaka Kuchafuka

Mtoto wetu ana miaka mitatu na hajawahi kumshika mama yake. Hukubali kubebwa, jinsi mtu anavyokubali kinyozi amgeuze kichwa, lakini mikono yake huiweka kifuani, vidole vimekunjwa kwa ndani. Hasemi pia, ila mke wangu hajawahi kulilia maneno. Anachotaka ni kitu kimoja: siku moja mkono ule umshike, bila kulazimishwa.

Ndiyo maana tulienda kliniki, na huko dada mmoja wa tiba, wa rika langu, akatuambia tumfundishe kuchafuka. Mchele mkavu kwenye beseni. Tambi zilizochemshwa zikapoa. Povu, unga, matope. Mikono ikizoea vitu, alisema, itazoea watu.

"Hilo limethibitishwa?" nikamuuliza.

"Boss, jaribuni tu nyumbani. Haidhuru."

Sijui jibu linalonichosha kuliko hilo. Maombi pia hayadhuru. Kukaa bure pia. Lakini mke wangu alikuwa ameshaanza kuuliza beseni liwe la ukubwa gani, na anayeshinda nyumbani Kiamunyi ni mimi. Yeye yuko dukani mjini kuanzia asubuhi. Mimi na shahada yangu tunangoja kuitwa kazini. Mchezo ukawa wangu.

Mchele, mtoto aliuzunguka kama shimo. Tambi zilimfanya aende kusimama jikoni mpaka nikazitoa. Nikapiga sabuni ya unga ndani ya maji hadi povu likanifika kwenye viwiko, nikaanza kujitengenezea ndevu, nikijihisi mjinga. Nilipogeuka, mtoto hakuwepo. Jirani alikuwa ameegemea geti.

"Niaje, mwalimu! Hata mwanafunzi amekuachia darasa?"

Nilijaribu mchanga wa uani. Vumbi la kwetu ni la kijivu, jepesi. Ukilitia maji linakuwa uji, ukilifinyanga linavunjika. Nilifinyanga mipira yangu, ikavunjika, mtoto akiwa mlangoni na mikono yake kifuani. Alionekana kunihurumia. Labda hilo nalo nililiongeza mwenyewe, kama mke wangu anavyoongeza yake kila jioni akirudi: "Leo si alikaribia kidogo?" Namjibu kwamba sikuona. Yeye husema sikuangalia.

Siku ya unga, mama mkwe alitokea Molo bila kupiga simu. Alitukuta sebuleni, unga wa ugali umemwagwa juu ya karatasi ya nailoni, mimi nikichora barabara kwa kidole. Nilisimama haraka. Mama huyu hajawahi kunikemea, kwa sababu kwao mama hamkemei mkwe wake, hata akimkuta na makosa mkononi. Akikasirika hupitishia maneno kwa mtu mwingine. Siku hiyo nyumbani hakukuwa na mwingine. Akainama kwa mtoto.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako huu si uchafu, ni chakula cha jioni. Mwambie kuna watu wamelala njaa."

Kisha akangoja. Ninaamini alingoja kweli. Mtoto alitazama ukuta, mimi nikatazama unga, na ujumbe ukabaki hapo katikati yetu.

"Haya," akasema mwishowe, bado kwa mtoto. "Mwambie nitaleta kitu cha kuchafukia."

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, alileta mfuko wa udongo mwekundu. Ni ule anaokandikia jiko lake la kuni kila Jumamosi, ili wageni wa Jumapili wakute limepakwa vizuri. Akauchanganya na jivu na maji kidogo, akaukanda barazani kwa mikono yote miwili. Udongo ulishikana, ukang'aa. Nikamwona mke wangu, akiwa bado na nguo ya kanisa, akivua viatu.

"Mum, unakumbuka kalongolongo yetu, tukicheza baba na mama nyuma ya jikoni?"

"Nisikumbuke? Si mlinimalizia udongo wote, jiko likabaki na nyufa."

"Tulikuwa tunapika, mum."

"Mlikuwa mnapika! Na baba yenu wa kalongolongo, yule kijana wa jirani, si alikula hiyo chapati kweli?"

Wakacheka mpaka mama mkwe akajifuta macho kwa bega. Mke wangu akatandaza chapati ya matope, ya pili, ya tatu, na kwa muda akamsahau mtoto kabisa. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu azae. Kisha akakumbuka, akanyoosha mkono, udongo ukimtiririka hadi kwenye kifundo.

"Kuja, mum akupe chapo."

Mtoto alikuja. Alisimama mbele yake, akautazama ule mkono kwa muda, akaenda kwenye kamba ya nguo, akavuta taulo dogo. Akarudi, akaanza kumpangusa mama yake kidole kimoja kimoja, taratibu, kuanzia kidole gumba.

"Baba Boi, umeona? Amenishika! Umeona?"

"Asante Yesu," mama mkwe akasema.

Niliona. Niliona taulo likiwa katikati. Lilipoteleza na ngozi yake ikagusa ya mama yake, aliurudisha mkono wake kama aliyeungua, akatafuta pembe safi ya taulo, akaendelea. Hakuwa anamshika mtu. Alikuwa anaondoa kitu alichokichukia, na kitu hicho kilikuwa kwenye mkono wa mama yake. Mke wangu si mjinga. Alinitazama mara moja, nikajua kwamba naye ameona taulo, na kwamba hataki nilitaje.

Mtoto alipomaliza kidole cha mwisho aliangusha taulo, akakunja mikono kifuani, akageuka kuondoka.

Mke wangu akauzamisha tena ule mkono safi kwenye udongo, hadi kwenye kifundo, akamnyooshea.