Samli ya Nyakahura

Juzi nilipanda basi la Ngara kwenda Biharamulo, na kabla sijamaliza karanga zangu tukawa tumefika Nyakahura. Nilitamani kulia, rafiki yangu. Barabara ile mimi niliijua kwa viganja.

Polio ilinipooza miguu nikiwa bado nabebwa mgongoni. Miaka ya wakimbizi, vilima vyetu vilipojaa mahema ya bluu na malori ya chakula yakatimua vumbi jekundu hadi ndani ya masufuria, niliishi na bibi kijijini Nyamiaga. Nilichambua maharage uani huku nikiwasikia wenzangu wakiimba hesabu darasani. Aliyenitoa uani ni jirani yetu, Mrundi fundi baiskeli aliyekuja na wakimbizi wa zamani. Aliunganisha vyuma vya baiskeli mbovu akaniundia ya magurudumu matatu, ya kuzungusha kwa mikono. Haikuchukua muda nikafika Bugarama na kurudi, yeye nyuma yangu na baiskeli yake. Nilinuka grisi na kujiona mkubwa kuliko dereva wa lori.

Lakini mimi nilitaka shule. Mwalimu mkuu alishanikataa, eti mtoto wa kutambaa atawasumbua wenzake. Bibi aliponipeleka tena, mwalimu alikiangalia chombo changu akacheka.

"Ukifika Nyakahura kwa mikono hiyo, niletee samli ya huko. Siku hiyohiyo nitakupokea."

Bibi naye alicheka. Mimi sikucheka, kwa maana nyumbani kwetu mtu mzima akishasema, amesema.

Asubuhi ya safari bibi alinifungia impamba, chakula cha njiani, kwenye jani la mgomba: viazi vitamu na maharage kidogo. Jirani alilipima lile furushi mkononi.

"Mama, hii ni impamba ya kwenda kisimani."

"Inatosha," bibi akasema, akaingia ndani.

Nikadhani ni shida ya nyumbani, nikamhurumia.

Mlima wa kwanza ulinichubua viganja, nikamwomba jirani anisukume. Akakataa katakata. "Ukisukumwa, mwarimu atasema ni mimi niriyefika. Porepore, mwana wanje." Aliniita mwanangu kwa lugha yake, basi nikaenda porepore. Viazi viliisha siku ileile, tukala tulichopewa na watu wa njiani, na tulilala kwenye majiko ya makanisa, moshi wa mikaratusi mibichi ukitutoa machozi. Porini, kwa hofu ya majambazi, tulifuata malori yenye askari, nami nikazungusha mpaka mabega yakawa si yangu. Nyakahura ilitupokea kwa harufu ya ng'ombe na vumbi la mnada. Mama mmoja muuza samli aliposikia habari yangu alipiga vigelegele, akanijazia kibuyu bure.

Tuliporudi, nilipitiliza moja kwa moja hadi shuleni, kibuyu mapajani. Nikamwamkia mwalimu mkuu. "Marahaba," akaitikia, akazibua kibuyu, akanusa.

"Samli nzuri," alisema. Kisha akainama kama anayenionea huruma. "Mwanangu, nilisema vile ili ukate tamaa. Hata bibi yako tulielewana. Tulijua utachokea mlima wa kwanza, urudi, utulie nyumbani."

Samli aliipokea. Mimi hakunipokea.

Sasa mahema hayapo, pale zilipokuwa kambi pameota vichaka, na jirani yangu alirudi kwao Burundi. Kusoma nilijifunza ukubwani, parokiani, nikiwa tayari na ndevu. Mwalimu mkuu nilishamwachia Mungu. Yule hakuwa ndugu yangu. Ila bibi, aliyenilea na kunibeba mgongoni hata nilipokuwa mzito, bibi ndiye aliyenivunja moyo, na amekufa sijamwambia. Nikifunga chakula cha safari hadi leo naliona lile jani la mgomba, na viazi vya mtoto aliyetarajiwa kurudi kabla ya jioni.