Mstari wa Mwisho wa Wilhelmina

Kama uliwahi kuzika mtu mtaani kwetu Pasiansi katika miaka ile ya tisini, basi sauti ya Shimba unaijua. Ndiye aliyekuwa akisoma historia ya marehemu. Sala zikiisha, kabla jeneza halijabebwa, Shimba alisimama, akafungua karatasi iliyokunjwa mara nne, akakohoa mara moja na kuanza: marehemu alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alisoma hadi darasa la ngapi, ameacha watoto wangapi. Alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba mpaka walipompunguza kazi mwaka wa tisini na tatu. Mwandiko wake ulipendeza, herufi zote zimelalia upande mmoja kama matete yanapopigwa na upepo wa ziwani. Kwa hiyo kila aliyefiwa alimkimbilia yeye.

Kila historia ilikuwa na mstari wa mwisho, ule wa kueleza kilichomuua mtu. Mstari huo Shimba hakuubadilisha. "Aliugua malaria kali kwa muda mfupi." Kijana amekonda mwaka mzima mpaka hawezi kuvaa mkanda, malaria. Mume ametangulia, mke amefuata, malaria. Sisi tuliokaa kwenye mabenchi tuliangalia chini, tukaitikia amina. Msinione nasimulia ya watu; na mimi nilikuwa kwenye mabenchi hayo.

Pius, mdogo wake wa tumbo moja, alipofariki mwaka wa tisini na nne, Shimba alisoma mwenyewe huku machozi yanamtiririka. Malaria kali kwa muda mfupi.

Pius aliacha mjane, Wilhelmina, mzaliwa wa Ukerewe. Huyu alikuwa akiuza mapanki, yale mabaki ya sangara ambayo viwanda hubakiza minofu ikishapelekwa Ulaya. Aliyakaanga barazani pamoja na jirani yake, bibi mmoja aitwaye Ng'washi. Sisi tulimwita Mayu, yaani mama, kwa Kisukuma. Moshi wa kuni ulikuwa umemfanya Mayu awe na macho mekundu kwa miaka mingi. Na mnajua kwetu huku bikizee mwenye macho mekundu husemwa nini.

Miaka miwili baada ya Pius, Wilhelmina naye alilala kitandani kwa ugonjwa. Asubuhi moja alimwita Shimba. Shimba akamkuta ameegemea ukuta, Mayu anamlisha uji.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Naendelea kufa. Karatasi umekuja nayo?"

Shimba akacheka kidogo. "Usiseme hivyo, shemeji. Utapona. Mungu yupo."

"Mungu yupo, na mimi nakufa. Andika kabla sijachoka. Wewe ndiye utakayenisomea, na sitaki nisikie upuuzi siku hiyo."

"Utasikia wapi?" Mayu akadakia. "Utakuwa ndani ya sanduku."

Wanawake wale wakacheka, Wilhelmina mpaka akakohoa, Mayu akamshika mgongo. Shimba aliniambia baadaye kwamba kicheko kile kilimtisha kuliko kilio.

Basi akaandika. Kuzaliwa, ubatizo, shule. "Weka kwamba nilikuwa fundi wa kukaanga mapanki kumshinda Mayu."

"Uongo! Yako yalikuwa yanaungua."

"Weka hivyo hivyo. Msiba ni wangu." Kisha akajifuta mdomo. "Sasa mstari wa mwisho. Andika: Wilhelmina amekufa kwa UKIMWI. Alipimwa, akaambiwa. Hakurogwa na mtu."

Kalamu ikasimama.

"Shemeji, haya ni mambo ya ndani ya familia."

"Ya ndani? Juzi walikuja hapa kuniuliza kama naota macho mekundu. Wanasema Mayu ananila. Ukisoma malaria, watu wataulizana ni malaria gani hii ya kumkausha mtu mwaka mzima. Watamtafuta mchawi, shemeji. Na hawatakwenda mbali. Huyu hapa, ameshika kijiko."

Mayu alikuwa anakoroga uji.

Shimba akaandika. Wilhelmina akamwambia asome, akasoma vizuri mpaka kwenye neno lile, akalinong'ona.

"Sijasikia."

"UKIMWI," akasema Shimba, kama mtu anayetema mwiba wa samaki.

"Niahidi."

"Nakuahidi."

Alikufa siku ya tisa. Siku ya maziko Shimba alisimama na karatasi ile ile, kwa mwandiko wake mwenyewe. Hakuna aliyemshika shati wala aliyemnong'oneza. Aliona tu kaburi jipya limechimbwa ubavuni mwa kaburi la Pius. Akaona wajomba wamepanga mstari wa mbele. Akatambua kwamba akisoma, kila mtu atamfikiria mke, kisha mume, kisha atakumbuka ni nani aliyesimama pale pale miaka miwili nyuma akasema malaria. Alipofika mstari wa mwisho, macho yalisoma kimoja, mdomo ukatoa kingine.

"Aliugua malaria kali kwa muda mfupi."

Amina, tukaitikia.

Katikati ya akina mama Mayu akainua uso, akamtazama. Shimba akaikunja karatasi haraka, ikakunjika vibaya.

Haikuchukua muda. Siku ya tatu maneno yalikuwa bombani. "Malaria gani ya kumaliza nyama mwilini?" "Aliyekuwa anamlisha uji nani?" Jumapili ya pili, mchana kweupe, vijana walitupa mawe juu ya bati la Mayu. Walilipindua karai lake, mafuta yakamwagika barazani. "Mayu, sasa unamla nani?" walipiga kelele. Shimba alikuwa uani kwake, nyumba ya tatu. Alisikia kila jiwe. Akaingia ndani, akafunga mlango, akaketi kitandani.

Kesho yake Kija, mpwa wa Mayu, alikuja kumchukua ampeleke Misungwi. Walipopita kwa Shimba walimkuta ameinamia baiskeli, anatengeneza mnyororo ambao haukuwa na tatizo.

"Baki salama, mwanangu," Mayu alimwambia. Akamfuata Kija.

Ni salamu hiyo iliyomnyima raha. Angetukanwa, angepata la kujibu. Siku ya sita baada ya Mayu kuondoka alikwenda stendi ya Nyegezi, akapanda basi la Misungwi na karatasi mfukoni. Alimkuta Mayu anamenya karanga.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba. Karibu. Pole na safari."

Shimba hakungoja kuletewa kigoda. Alitoa karatasi, akaisoma yote, kuanzia Ukerewe mpaka "hakurogwa na mtu". Alipomaliza, Mayu akapuliza maganda ya karanga kwenye ungo.

"Umesoma vizuri. Lakini mimi nilikuwepo ulipoiandika. Umekuja kumsomea nani?"

"Nimekuja kuomba radhi, Mayu."

"Radhi nimekupa. Haya, chukua karanga." Akamwekea mkononi. "Waliotupa mawe wako Pasiansi. Umepita milangoni mwao kwenda kupanda basi, ukaja kumsomea mtu anayejua. Hukuona haya?"

Shimba alirudi na zile karanga mkononi. Hakuzila.

Siku ya arobaini, ya kuanua matanga, watu walijaa uani kwa Wilhelmina. Wazee walipotaka kufunga kwa sala, Shimba akasimama. Hakukohoa. Alisema kuna karatasi aliyoisoma vibaya. Akaisoma. Alipolifikia lile neno, sauti ilimkatika. Akarudi nyuma, akaanza sentensi upya, na safari hii tulisikia mpaka tuliokuwa tumesimama getini.

Hakuna aliyeitikia amina. Mjomba wao, mzee Chenge, akauliza taratibu, "Kwa hiyo na Pius?"

"Na Pius," akasema Shimba. "Nilidanganya mbele ya kaburi la ndugu yangu, nikadanganya mbele ya la mkewe. Mayu amepigiwa mawe kwa sababu ya mdomo wangu."

Vijana wale walikuwepo. Mmoja aliangalia viatu vyake mpaka watu wakatawanyika. Shangazi mmoja alimwambia Shimba ameivua familia nguo hadharani, na mpaka leo hawasalimiani. Wapo waliofiwa baada ya hapo wakatafuta msomaji mwingine. Sisi wengine, niseme ukweli, siku ile hatukumshika mkono.

Baada ya mwezi Kija alikuja, tukadhani anakuja kufungua nyumba ya Mayu. Alitaka karai tu. Shimba ndiye aliyekuwa amelihifadhi. Alikuwa amelisugua kwa mchanga mpaka linang'aa.

"Mayu ameambiwa ulivyosoma," Kija alisema, analifunga karai kwenye baiskeli. "Amefurahi."

"Atarudi lini?"

Kija akakaza kamba. "Hajasema kurudi, baba. Amesema karai."