Kibuyu cha Okemwa

Mara ya nne Okemwa kuja kwangu, kipimo kilisema hana malaria.

Nikaandika malaria.

Msinicheke. Mimi ndiye daktari pekee wa kituo kidogo cha afya nje ya Awendo, na foleni yangu hufika getini. Huku kwetu homa ni malaria. Mambo yaende.

Okemwa ni mkata miwa. Homa ilimjia jioni ikaondoka, jasho likamtoka, viungo vikamuuma. Panga lilikuwa limemshinda kuinua. Mke wake alishaanza kufunga vyombo warudi Kisii, akisema heri akafie nyumbani.

Na bado kila akija aliniletea kibuyu cha maziwa lala kwa shukrani. Shukrani ya nini, sijui. Nilikimaliza kabla ya saa sita.

Mimi mwenyewe mgongo ulinisumbua na jasho halikuniisha. Mgongo nililaumu kiti. Jasho nikalimezea dawa ya malaria.

Kila Alhamisi daktari mmoja wa Migori, Mourine, hupigia vituo simu ya pamoja. Unaleta mgonjwa aliyekushinda, mnafikiria pamoja. Kila wiki mimi nilisema sina. Nesi wangu Dorah alikohoa tu pembeni.

Alhamisi hiyo Dorah aliniwahi kwenye simu, akamtaja Okemwa.

Nilijua nitasutwa. Mourine aliuliza tu, polepole, "Kama malaria haingekuwa duniani, ungefikiria nini?"

Kwa kweli sikuwa nimefikiria.

Akauliza Okemwa anakula nini, anafuga nini. Nikasema ana ng'ombe wawili, na maziwa wanayagandisha kibuyuni bila kuchemsha.

"Basi mpime brusela. Hiyo inatoka kwa ng'ombe, inapitia maziwa."

Tukapima. Ilikuwa brusela. Nikawaeleza dawa ni wiki sita bila kuruka siku, na maziwa yachemshwe. Mke wake akafungua vyombo siku hiyo hiyo. Nilifurahi, na niliona aibu.

Dorah hakuwa amemaliza. Alikuwa ananitazama mimi.

"Daktari, hiyo mgongo yako bado inauma?"

Akafungua rejista, akaandika jina langu chini ya la Okemwa.

Siku hizi Okemwa ameshika panga tena. Kila asubuhi akienda shambani hupitia kwangu kuhakikisha nimemeza dawa. Kibuyu haji nacho.

Kwa hivyo ndugu zangu, ukiulizwa kama kuna kitu kimekushinda, usikimbilie kusema hakuna. Mimi changu nilikibeba mgongoni mwezi mzima.