Germana na Sufuria za Msibani

Msibani, Germana wa kijiji cha Buger hakai mkekani na wanawake wenzake. Vilio na kushikwashikwa humvuruga kichwa, kwa hiyo huzunguka nyuma ya nyumba kuosha sufuria. Watu humwita mwenye kiburi. Sijui kiburi gani hicho cha kusugua masizi.

Mwaka huu, daktari alipomweleza usonji wa mwanawe, jinsi kelele na kuguswa zinavyomlemea mtoto, Germana alijiona mle mle, akashusha pumzi. Aliambiwa hata watu wazima hupimwa. Akasita, akaenda kwa mama yake.

"Kwa umri huu, upimwe ili iweje?" mama aliuliza.

"Nijue kama kweli nina kiburi, mama."

Mama akacheka. "Basi twende wote. Kabla yako, unadhani sufuria hizo zilikuwa zinaoshwa na nani?"