Kifuniko cha Mashua ya Barnabé

Wandera hatulii, ndivyo alivyo. Tangu avuke mpaka wa Busia ameishi Tororo, Mbale, Jinja, na sasa Kampala, ambako ana kibanda chake Katwe cha kutengeneza bampa za magari kwa faibaglasi. Kila mji aliuhama kazi moja tu ilipoharibika. Mkewe Vera amechoka kufunga mizigo, na mtoto wao Travis kila mara anaanza shule upya. Safari hii Vera alisema wazi: "Baba Travis, ukihama tena, utahama peke yako."

Ndipo akaja Barnabé, Mkongo muuza vitenge, amebeba kifuniko kilichovunjika vipande viwili. Ana mashua ndogo ya tanga pale ziwani, na mvua ilikuwa inajaza chumba chake cha ndani. "Fundi, nitengenezee ya mupya. Lakini maji ikiingia, mimi sitaki."

Wandera aliunganisha vile vipande, akavitumia kutoa kalibu ya kifuniko kipya, akatandaza humo nyuzi za faibaglasi na kuzipaka resini, ile gundi yake ya majimaji. Sasa resini inataka subira, na subira huyu bwana hakupewa! Hadina, ile dawa ya kuigandisha, hutiwa kwa matone, yeye akamimina. Resini ikapata moto, ikafuka moshi, kifuniko kikapasuka katikati.

"Juba kuna kazi," alisema jioni ile, hata mikono hajanawa.

Asubuhi Vera aliandamana naye hadi Katwe, akamsimamia aanze upya huku yeye akihesabu matone, kisha akatia chupa ya hadina mkobani, asije mumewe akaongeza, na kwenda zake kwenye genge lake la mboga Lubaga. Mungu wangu, siku ile! Wandera alipanga bampa, akazipangua. Aligusa resini kwa kidole, bado. Akatembea mpaka Kabalagala bila shughuli yoyote, akarudi, bado.

"Vipi, umepoteza ng'ombe?" mafundi wenzake walimtania. Aliwafokea, maana aliogopa kitapasuka tena. Lakini alingoja, na kesho yake kifuniko kikatoka kwenye kalibu kizima, kigumu.

Jumamosi walikwenda ziwani, yeye, Vera na Barnabé. Wandera aliingia ndani ya mashua, akafunikwa, na Barnabé akamwaga ndoo ya kwanza, ya pili, hadi ya tano. Alitoka mkavu kabisa, akicheka. Barnabé akamkumbatia. Vera naye alilia kwa furaha, akasema Jumatatu atamlipia Travis karo ya muhula mzima.

Wakiwa njiani kurudi, Wandera hakunyamaza hata kidogo. "Umeona, Mama Travis? Na kule Entebbe mashua ni nyingi. Mwezi ujao tungehamia..."

Vera alisimama. Akafungua mkoba, akatoa ile chupa ya hadina na kumwekea mkononi.

"Nenda salama," alisema. "Mimi na Travis utatukuta hapa."

Akashika njia ya nyumbani. Wandera alibaki na chupa yake barabarani, na miguu yake, iliyozoea kuondoka, haikujua pa kwenda.