Ukungu wa Ugenini

Jumamosi, katikati ya Juni. Asubuhi ukungu mzito na baridi. Mibuni ya nyuma ya nyumba haikuonekana mpaka jua lilipopanda.

Ukungu huu ndio ulioniponza safarini. Kikundi chetu cha wakulima wa kahawa kilinichagua niende kwenye maonyesho nchi ya mbali, nadhani kwa sababu mwenye Kiingereza kizuri alikuwa anauguza. Kabla sijaondoka, daktari hapa Mbinga alinipima presha, akakuta imepanda.

"Mzee, kimbia kila asubuhi, hata huko uendako. Ukirudi haijashuka, chumvi basi."

Mke wangu alikuwa amekaa pale pale. Tulipotoka akasema, "Mimi sipiki vyungu viwili, baba. Ukikatazwa chumvi wewe, nyumba nzima imekatazwa. Kwa hiyo ukakimbie."

Nikasafiri na chumvi ya nyumba nzima mabegani.

Asubuhi ya kwanza nilichungulia dirisha la hoteli, nikaona ukungu umefunika mji. Nilifurahi mno. Kwetu ukungu ndio asubuhi ya kazi: mtu anapanda mlima na jembe lake, anavuta hewa mpaka tumboni, wala hakohoi. Nikavaa raba, nikashuka, nikavuta hewa kama niko nyumbani. Ni kweli ulinukia matairi, lakini mimi ni mgeni, nikaona si vizuri kuusema ukungu wa watu. Mlinzi wa mlangoni alinipa barakoa. Nilidhani ananihisi mgonjwa, nikamshukuru, nikaitia mfukoni.

Niliporudi, mwenzangu wa safari, dada mmoja wa kikundi chetu, aliniuliza, "Kaka, mbona macho mekundu?"

"Nimekimbia. Ukungu kama wa kwetu kabisa."

"Huu wa kwao unaondoka saa ngapi?"

"Jua likipanda."

Jua lilipanda, likawa kama kiini cha yai la kuchemsha, na ukungu ukabaki. Nikasema labda kesho. Nilikimbia kila asubuhi mpaka tulipoondoka, nikiungojea uondoke.

Leo nimerudi kwa daktari. Presha iko palepale, pengine juu kidogo, na sasa kifua kinapiga filimbi.

"Ulikimbia?"

"Kila siku, daktari." Nikamweleza na ukungu.

"Ule ulikuwa moshi, mzee."

Nisiwaonee watu. Inawezekana kilichopandisha presha si moshi, ni supu za hotelini, maana zilikolea chumvi na mimi sikubakiza. Tena hakuna aliyeniita nikakimbie kwao. Wao wanaishi humo na watoto wao, mimi mgeni wa siku chache ndiye ninayelalamika. Ila daktari hakuuliza habari ya haki. Chumvi ameiondoa mpaka presha ishuke.

Kwa hiyo jioni nimekimbia hapa hapa, kushuka mpaka njia panda. Jirani akatoka mbio uani, kanga mkononi.

"Shemeji, nani kafa?"

"Hakuna."

"Sasa unakimbilia nini mtu mzima?"

"Chumvi."

Aliniangalia, akarudi ndani. Sijui atawaambia nini wenzake kesho kanisani.

Usiku tumekula ugali na maharage bila chumvi. Watoto walitazamana. Mama yangu mzazi alitafuna polepole, kisha akauliza kama huko nilikokwenda nilisahau chumvi tu au na mzigo mwingine.