Kivuli Alichokikata Kipkurui

Kipkurui, mdogo wa marehemu mume wangu, alikata miti yangu yote ya kando ya kijito nilipokuwa Kedowa nikimzika mama. Sikuulizwa. Nilirudi na nguo za matanga nikakuta jua limejaa mahali ambapo halikuwa linafika.

Mimi sikusoma. Ninachojua nilifundishwa na mama mkwe chini ya miti hiyo. Ilikuwa ya kienyeji, mikubwa, na mwanga ulipenya matawini kidogo kidogo. Majani yaliyoanguka yalioza yakawa udongo mweusi, na hapo ndipo siwot ilipoota, mboga ile inayowasha mkono, ambayo wengine huiita thabai. Kwetu mwanamke akijifungua hupikiwa siwot kwa maziwa ili damu irudi. Mama mkwe alinipikia nilipomzaa Nelvine.

Kipkurui akapanda mikaratusi, awe na kuni za kuuzia kiwanda cha majani chai. Nilipolalamika alicheka.

"Mama Nelvine, si hii pia itatoa kivuli? Panda mboga yako hapo chini, uache kunitangaza kanisani."

"Na ikikauka?"

"Utakula sukuma wiki kama watu wengine."

Nikawa mjinga, nikamsikiliza. Mikaratusi ilipokua nikaomba mizizi ya siwot kwa jirani yangu Priscillah, nikaipanda chini yake wakati wa mvua. Mvua ilinyesha, lakini udongo pale ulibaki kama majivu. Majani ya miti ile yalianguka makavu, yakakataa kuoza, na mizizi yake ilikunywa maji yote. Siwot ikageuka njano, ikafa. Hata magugu hayakuota.

Mwaka huu Nelvine alijifungua. Nilienda kwa Priscillah na sufuria mkononi. Yeye alibakisha mti mmoja mzee penye ua wake, na chini yake siwot imesongamana.

"Ni thabai tu unataka?" akashangaa. "Chuma, mama. Mimi naona ikiniziba njia."

Nilichuma nikilia, na si kwa kuwashwa.

Nilipomshtaki, Kipkurui alikubali mbele ya wazee wa ukoo kwamba akishavuna atang'oa visiki, arudishe miti ya kienyeji. Ameshavuna. Visiki vimechipuka tena na yeye hapiti kwangu. Mtoto wa Nelvine ni msichana. Miti ikipandwa sasa, siku yake ya kuzaa atakuta kivuli. Kipkurui bado hajampa kivuli hicho.